Banque Lambert: wakati kadi yako ya benki inalala kwa mukopeshaji

Siku ya mushahara, mbele ya mashini za feza katika miji yetu, si ajabu kuona mutu mumoja mwenye kadi saba ao nane mukononi. Anaingiza ya kwanza, anatosha feza, anaingiza ya pili. Hakuna hata moja yenye jina lake. Wenye kadi wako nyumbani, ao wamesimama pembeni wakingoja kile kitakachobaki. Wengi ni walimu, wauguzi, askari, polisi, watumishi wa biro za serikali. Watu wote wanajua yule bwana ni nani: ni Banque Lambert.

Jina hilo lilikuwa la benki ya kweli kule Bruxelles, iliyoungana na benki ingine mwaka wa 1975. Huku kwetu limebaki jina la mutu anayekopesha feza bila ruhusa ya mutu yeyote, kwa riba ambayo benki ya kweli ingeona haya kuiandika. Anaweza kuwa jirani, mama mwenye duka, mukubwa wako wa kazi, hata mutumishi wa benki yenyewe. Hana kibao mulangoni. Ana daftari, simu, na kabati yenye kadi za wengine.

Namna inavyoanza

Mara nyingi inaanza na mutoto. Mutoto ni mugonjwa, hospitali inaomba feza mbele ya kumushika, na tarehe iko 12. Ao ni mwezi wa tisa na masomo ya sekondari yanadai minervali. Ao kuko kilio, na ndugu wote wanakutazama wewe kwa sababu ni wewe “unatumikia serikali”. Mushahara utaingia mwisho wa mwezi, kama utaingia. Mukopeshaji anatoa feza palepale, haombi dosye, haulizi maswali mengi. Anasema tu: “Leta kadi pamoja na kodi yake.”

Mbele ya mwaka wa 2011, mutumishi wa serikali alilipwa kwa mukono, na mukopeshaji alipashwa kumuvizia pale feza zinapogawiwa. Tangu serikali ilipoanza kupitisha mishahara kwenye mabenki, kazi yake imekuwa nyepesi. Hangoji tena, hakimbizi mutu, habishane. Kadi na namba nne zinamutosha. Jambo lililowekwa kwa kulinda mushahara wako usiliwe njiani limekuwa mulango ambao mutu mwingine ana ufunguo wake.

Kwa walimu, jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka wa masomo ulioanza mwezi wa tisa 2019. Wakati huo masomo ya msingi ya serikali yalifanywa kuwa ya bure, na ile prime ya wazazi iliyokuwa inasaidia katikati ya mwezi ikakatwa. Mwenye kulipwa na serikali alibaki na mushahara peke yake. Asiyekuwa kwenye liste ya kulipwa alibaki na chaki.

Hesabu ambayo hakuna anayekuonyesha

Tuseme umechukua dolari 100, na maneno ni kurudisha 150 mwisho wa mwezi. Mwezi unaisha, mushahara hautoshi, unalipa ile 50 ya riba tu. Mukopeshaji hakasiriki. Ndivyo anavyopenda. Mwezi wa pili unalipa tena 50. Kisha miezi sita umetoa dolari 300, na deni lako bado ni dolari 100, sawa na siku ya kwanza. Haujalipa hata dolari moja ya zile ulizokopa.

Kuko wale wanaosema, “Mimi ninaomba 30 kwa mia tu, niko na huruma.” Tazama basi, kama usipolipa na riba inaongezwa juu ya deni: 100 inakuwa 130, kisha 169, kisha karibu 220, kisha 286, kisha 371. Mwezi wa sita uko kwenye 483. Huruma ya miezi sita imezidisha deni karibu mara tano.

Mbele ya kuchukua feza yoyote, uliza maneno mawili na uyaandike: nitarudisha ngapi kwa jumla, na nikikosa mwezi moja itakuwa ngapi? Mutu asiyependa kujibu hili la pili amekwisha kukujibu.

Nani ana ruhusa ya kukopesha watu?

Katika Congo, kufanya kazi ya benki, ya mikrofinansi ao ya coopec kunaomba agrément ya Benki Kuu ya Congo. Kuko sheria ya 2 Februari 2002 juu ya coopec, sheria namba 11/020 ya 15 Septemba 2011 juu ya mikrofinansi, na ile ya 27 Desemba 2022 juu ya mabenki. Benki Kuu inatangaza liste ya wale waliokubaliwa. Kwa hiyo biro inayokuambia “sisi ni mikrofinansi” unaweza kuiomba namba ya agrément, na kama inaona vibaya kuulizwa, rudisha mufuko wako begani na utoke. Bendera, kompyuta na kijana aliyevaa tai si agrément. Karatasi ya RCCM, ile ya biashara, nayo haitoshi: inaonyesha kwamba mutu ni mufanyabiashara, haionyeshi kwamba anaruhusiwa kukusanya ao kukopesha feza za watu.

Tuseme pia ukweli: agrément si dawa ya kila kitu. Watu wa Goma na Bukavu wanakumbuka coopec zilizofunga milango na akiba ya wanachama ikabaki ndani. Lakini penye agrément kuko mahali pa kupeleka malalamiko. Kwa Banque Lambert unalalamika kwa nani?

Ndugu, rafiki ao jirani anayekupa feza bila riba si mukosaji. Kinachohusu sheria ni yule anayeishi kwa kazi hiyo, na yule anayetumia shida ya mutu. Kanuni ya adhabu ya Congo inaiita usure: kutumia haja, uzaifu ao ujinga wa mutu ili akuahidi riba inayopita wazi riba ya kawaida. Hilo linaweza kumupeleka mutu mbele ya parke. Na katika kanuni ya sheria za kiraia, kitabu cha tatu, hakimu anaweza, kama mudeniwa anamuomba, kupunguza deni la namna hiyo mpaka kwenye riba ya kawaida. Wachache wanajua hilo, na wakopeshaji hawana haraka ya kulitangaza.

Karatasi unayoweka saini

Karibu kila mukopo wa namna hii una “reconnaissance de dette”, karatasi ya kukubali deni. Ujanja uko katika namba. Umepokea 100, lakini karatasi inasema “nimekopa dolari 150, nitarudisha tarehe 30”. Riba imefichwa ndani ya deni. Siku mutakapofika mbele ya mukubwa yeyote, mukopeshaji ataonekana mutu mwema aliyekopesha bila riba hata kidogo, na wewe utaonekana mutu anayekataa kulipa. Kama unapashwa kuweka saini, omba waandike feza uliyopokea mukononi kwenye mustari wake, na riba kwenye mustari wake. Ubaki na kopi. Karatasi tupu yenye saini yako chini usiiache kwa mutu, hata awe shemeji.

Ubaya mukubwa zaidi ni acte de vente ya parcelle. Mukopeshaji anasema, “Ni garanti tu, ukilipa tutaichana.” Wewe unafikiri umeweka parcelle rehani, karatasi inasema umeiuza. Kisha miezi mitatu anakuja na shefu wa avenyu na watu wa kupima. Familia nyingi zimeanza kesi za miaka kwa sababu ya dolari mia mbili. Mali isiyohamishwa haiwekwi garanti kwa kuandika kwamba imeuzwa. Kama anataka rehani ya parcelle kweli, kuko njia yake kwenye biro ya conservateur des titres immobiliers, na mukopeshaji wa kartiye hapendi kwenda kule. Fiche ya parcelle ao certificat d’enregistrement ibaki nyumbani, na bibi ao bwana yako ajue iko wapi.

Kadi na kodi

Geuza kadi yako, soma nyuma. Mara nyingi imeandikwa kwamba kadi ni mali ya benki. Wewe ni mwenye kuitumia tu. Huwezi basi kuiweka rehani, na mukopeshaji hawezi kusema ni yake. Kodi ya siri nayo, ukimupa mutu kwa kupenda, benki itasema kila kitu kilichotoshwa kimetoshwa na wewe. Hautarudishiwa. Siku akitosha zaidi ya mulichopatana, utakuwa na ukweli wako, na benki itakuwa na hesabu yake.

Tangu vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, na mabenki ya kule yakafunga milango, imezaliwa shida ingine. Mushahara unaingia kwenye konti, lakini gishe haiko. Mutu anampa kadi yake na kodi yule anayekwenda Gisenyi, Butembo ao fasi ingine yenye mashini, na yule anakata sehemu yake. Kuko wanaofanya hivyo kwa uaminifu, na tunaelewa kwa nini watu wanakubali. Tumbo la watoto halingoji benki ifungue. Kama huna njia ingine, angalau umupe mutu unayejua nyumba yake, mwandikiane tarehe na kiasi, uache simu yako ipokee SMS ya benki, na akirudi ubadilishe kodi siku unapofikia mashini. Bora zaidi, kama benki yako ina programu ya simu ao inakubali kupitisha feza kwenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, pitisha mwenyewe. Utakatwa kidogo kwa kutosha, na huko kukatwa kunauma, lakini kodi yako haitembei barabarani.

SMS ni linzi ambalo wengi wanaacha. Wakopeshaji wengine wanaomba hata namba yao iandikwe benki pahali pa yako, ili wao ndio waone mushahara ukiingia. Nenda gishe uulize: namba gani iko kwenye konti yangu? Jibu limeshangaza zaidi ya mutu mumoja.

Na hakuna mutumishi wa benki ao wa kampuni ya simu anayehitaji kodi yako. Anayepiga simu kusema “konti yako itafungwa, tupe kodi tuirekebishe” ni mwizi. Vilevile yule wa WhatsApp anayekuahidi mukopo wa dolari elfu mbili bila garanti, lakini kwanza utume dolari 30 za dosye. Mukopo hautakuja. Utakuja ujumbe mwingine unaosema bado 20 za asiranse.

Kama kadi iko kwake tayari

Hapa ndipo watu wengi wanatuuliza, basi tukae kidogo.

Kwanza, andika hesabu yote: tarehe ulipochukua feza, ngapi, na kila kitu alichokwisha kutosha. Kama haukumbuki, omba benki historia ya konti yako ya miezi iliyopita. Ni haki yako kama mwenye konti. Mara nyingi mutu anagundua amelipa mara tatu ya alichokopa, na anaacha kusema “mimi ndiye mwenye makosa”.

Pili, tengeneza pendekezo. Kufunga kadi si kufuta deni. Alikupa feza yake, na ile feza unapashwa kuirudisha, kama haujaipita tayari. Mwambie: nilipokea hii, umetosha hii, imebaki hii, nitalipa kidogokidogo kwa mukono wangu, kila mara na risiti. Usiende peke yako. Nenda na mutu wa syndicat (walimu wana SYECO, SYNECAT na zingine), ao mukubwa wa kanisa, ao shefu wa kartiye. Shefu si hakimu, hawezi kukulazimisha, lakini karatasi iliyoandikwa mbele yake ina uzito. Kama mukopeshaji ni mutu wa silaha, usiingie kwenye mabishano hata kidogo. Acha syndicat ao wakubwa wa kazi yake ndio waseme naye.

Tatu, nenda benki na kadi yako ya mutchaguzi ao kitambulisho kingine, ufanye opposition. Kadi ya zamani inakufa, unaomba ingine na kodi mupya. Utalipa feza ya kadi. Fanya hivyo siku chache mbele ya mushahara kuingia, si siku yenyewe, kwa kuwa siku ile yeye anaamuka saa kumi ya usiku. Usiseme “kadi imepotea” kama haikupotea, na usiende polisi kuapa uongo ili upate karatasi ya kupoteza. Hapo wewe ndiye unajitengenezea kosa. Sema tu: kadi iko kwa mutu mwingine, ninataka ifungwe. Benki haihitaji zaidi.

Kuko wanaojaribu kukimbia kwa kuhamisha mushahara kwenye benki ingine. Inawezekana, lakini kuhamisha kunapita kwenye biro nyingi, na dosye ikikwama unaweza kukaa miezi bila kitu. Kufunga kadi ni njia fupi zaidi.

Konvokasio na kasho

Mukopeshaji aliyekatiwa kadi anakimbilia polisi. Utaona konvokasio yenye maneno “abus de confiance” ao “escroquerie”. Sikiliza vizuri: kukosa kulipa deni, peke yake, si kosa la kufungwa. Mapatano ya kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambayo inchi yetu iliingia mwaka wa 1976, yanasema katika kifungu cha 11 kwamba mutu hawezi kufungwa kwa sababu tu ya kushindwa kutimiza mukataba. Deni ni jambo la tribunali ya kiraia. Lakini kama ulidanganya ili upate mukopo, kwa mufano ulitoa karatasi ya uongo ya parcelle, ao kadi moja uliiweka kwa watu wawili, hapo umewapa neno la kweli la kukushitaki.

Usikatae konvokasio. Enda, na mutu akusindikize, na kopi ya hesabu yako. Ukizuiwa, kifungu cha 18 cha Katiba kinasema uambiwe sababu mara moja, katika luga unayosikia, na uwe na ruhusa ya kuongea na familia yako ao avoka wako. Garde à vue haiwezi kupita saa 48; kisha hapo waachilie ao wakupeleke mbele ya sheria. Usiweke saini kwenye karatasi ya deni ukiwa kwenye kasho. Wengi wametoka kasho na deni kubwa kuliko lile waliloingia nalo, kwa kuwa waliongezewa “feza ya dosye” na sehemu ya yule aliyewafunga.

Kama huna feza ya avoka, barreau ina bureau ya consultations gratuites, ile ya kusaidia wasiojiweza, na miji mingi ina cliniques juridiques. Katika fasi ambapo matribunali hayakai kwa sababu ya vita, weka karatasi zako zote pamoja, na kopi kwa ndugu anayeishi muji mwingine. Kesi inaweza kungoja. Karatasi iliyoungua hairudi.

Feza ingine itoke wapi?

Kuambia mutu “usikope” wakati mutoto yuko hospitali ni maneno ya mutu aliyeshiba. Basi tazama yale yaliyo karibu.

Benki yenyewe inayopokea mushahara wako mara nyingi ina avance sur salaire, mukopo mudogo unaokatwa mwisho wa mwezi. Riba yake si bure, na dosye inachukua siku, lakini haifanani na 50 kwa mia. Uulize wakati huna shida, ili dosye iwe tayari siku shida inakuja.

Kisha kuko AVEC, ambazo zimejaa Kivu zote mbili na Ituri. Watu kama 25 wanaweka akiba kila juma, kasha lina kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Nyingi zinaomba 5 ao 10 kwa mia kwa mwezi. Utasema, 10 si kidogo. Ni kweli. Ukikopa 100 kwa miezi mitatu utalipa 30 ya riba. Lakini ile 30 haiendi kwa bwana mumoja: mwisho wa mwaka, siku ya kugawa kasha, inarudi kwa wanachama, na wewe ni mumoja wao. AVEC haina agrément ya Benki Kuu na haiwezi kuitwa Banque Lambert, kwa maana wanachama wanakopeshana feza yao wenyewe na kila mutu anaona daftari. Sasa kwa kuogopa wezi, vikundi vingine vinaweka sehemu ya feza kwenye simu, wakigawanya kodi kati ya watu wawili.

Mutuelles de solidarité, ambazo tunaziita MUSO, zina kasha tatu: ya kijani kwa akiba na mikopo, nyekundu kwa ugonjwa na vilio, ya bluu kwa feza inayotoka inje. Ile nyekundu ndiyo ya kutazama kwa makini. Mara nyingi musaada wake haurudishwi ao haulipiwi riba, na umewekwa kwa ajili ya ule usiku ambao hospitali inaomba feza. Likirimba ya kazini nayo inasaidia, ila inafuata zamu. Ukiwa wa kumi na shida ikaja mwezi wa pili, omba kubadilishana zamu na mwenzako mbele ya wote, iandikwe.

Hospitali na masomo pia wanakubali kuzungumza zaidi ya tunavyofikiri. Mzazi anayekwenda kwa préfet mwezi wa tisa na kusema “nitalipa minervali mara tatu” anapata mara nyingi ndiyo. Anayengoja mpaka mutoto afukuzwe anakwenda kwa mukopeshaji na haraka, na haraka ndiyo inayopandisha riba.